Petroli Iliyolala na Mshahara wa Mfanya Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Malakisi)



Tumeombwa tuseme habari ya petroli ya mashine ndogo. Wenzetu wengine waliposikia walicheka, wakauliza, Chama kina kazi gani na petroli? Si kishughulike na mishahara? Twawajibu kwamba habari hii ni ya mshahara hasa, nanyi mtaona hivi punde.

Sisi tunaofanya kazi ya njia ya reli kati ya Bungoma na Malaba twayajua majani ya upande huu. Mvua za Machi zikianza, nyasi hupanda juu ya tuta kabla hujamaliza kufyeka maili ya kwanza. Zamani kazi hii ilikuwa ya panga na fyekeo. Siku hizi genge hupewa mashine ya kufyekea, ile ya kuvaa begani yenye mti mrefu. Wenzetu wengine hapa Malakisi wana misumeno ya mashine, na wako wakulima wenye pampu za mgongoni zenye injini. Mashine hizi zote ni za ukoo mmoja. Injini yake ni ya mipigo miwili, nayo haina oili yake mahali pa peke yake; oili huchanganywa ndani ya petroli. Petroli ikifika na oili yake, vyuma hupakwa na kazi huendelea. Ikifika bila oili, pistoni hujisugua katika silinda mpaka vishikane kabisa, na hapo injini imekufa.

Ikisha kufa, swali la kwanza ni hili: nani aliyeiua? Na jibu la kwanza huwa ni yule aliyekuwa ameivaa begani.

Tulimwona mwenzetu mmoja, kibarua wa mkandarasi fulani, akikatwa mshahara miezi mitatu mfululizo kwa ajili ya mashine ya namna hii. Alikuwa ameipokea asubuhi ile ile kutoka stoo, ambako ililala tangu mvua za mwaka uliopita, na tangi lake lina petroli ya zamani. Aliivuta kamba, ikawaka kwa kukohoa, ikafanya kazi kiasi cha saa moja, ikasimama. Fundi alipoifungua kabureta alikuta utando wa rangi ya asali, unanata kama gundi, na kile kiwambo chembamba cha mpira kimekauka kama ngozi ya ngoma. Kila mtu aliyesimama pale aliona kwamba mashine ilianza kufa stoo. Lakini stoo haina mshahara wa kukatwa.

Basi tuanze na petroli yenyewe. Wengi wetu twadhani petroli ni kama chuma, ukiiweka hukaa. Sivyo. Petroli hulala kama ugali ulivyolala. Ndani yake mna vitu vyepesi vinavyoruka upesi, na hivyo ndivyo vinavyoiwezesha injini kuwaka asubuhi ya baridi. Jerikeni ikiwa wazi, au ikiwa nusu tupu juani, vitu hivyo huondoka kwanza. Vilivyobaki huungana na hewa polepole na kufanya ule utando tuliousema. Watengenezaji wengi wa mashine hizi husema petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili itumiwe katika muda wa siku thelathini hivi. Katika Biblia wale wanawali watano walilaumiwa kwa kukosa mafuta. Sisi twalaumiwa hali mafuta tunayo, ila yamelala.

Sasa tuje kwa jambo la pili, nalo ni spiriti ndani ya petroli. Spiriti hii huitwa ethanoli. Hutengenezwa kwa molasi ya miwa, nasi wa Bungoma hatuhitaji kufundishwa molasi ni nini. Kiwanda cha Muhoroni kilianza kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu mwaka 1983 mpaka 1993 petroli yenye ethanoli sehemu kumi katika mia iliuzwa Kenya. Mpango ule ulikoma, ingawa habari ya kuurudisha imetajwa mara nyingi. Malawi wamechanganya tangu mwaka 1982. Jirani zetu wa Uganda walipitisha sheria yao mwaka 2020, inayoruhusu kuchanganya mpaka sehemu ishirini katika mia. Nasi tuliopo Malakisi twajua Lwakhakha haiko mbali, na jerikeni inayouzwa kando ya njia haina cheti cha kusema imetoka upande gani wa mpaka.

Hatusemi kwamba ethanoli ni kitu kibaya. Mkulima wa miwa hupata soko, na nchi huagiza mafuta kidogo kutoka ng'ambo. Gari jipya huivumilia vizuri. Lakini mashine ndogo ya mipigo miwili ina shida nayo, hasa ile ya zamani, na shida yenyewe ni maji. Ethanoli hupenda maji. Huyavuta, na hushikana nayo. Petroli yenye ethanoli sehemu kumi katika mia, lita tano zake zaweza kubeba maji kiasi cha vijiko vitano vya chai bila kuonekana. Yakizidi hapo, kwa mfano kifuniko kibovu kikipitisha mvua, au usiku ule wa baridi itokayo Mlima Elgon ukiipoza jerikeni, ethanoli huiacha petroli na kushuka pamoja na maji mpaka chini. Oili haishuki nayo. Hubaki juu na petroli. Na mrija wa mashine hunyonya wapi? Chini. Basi injini hunywa maji na spiriti bila oili, na ninyi mmekwisha kusikia mwisho wake.

Tena ethanoli huvimbisha na kulegeza mipira ya mashine za zamani, na huweza kula vyuma vyepesi vya kabureta. Pia hufanya mchanganyiko wa mafuta na hewa uwe mwembamba kidogo, na injini ikachemka zaidi.

Yafaa kila genge lijue kupima. Njia ni rahisi. Chukua chupa nyembamba ya kioo, tia maji urefu wa vidole viwili, weka alama. Juu yake tia petroli, ambayo haijatiwa oili bado, urefu wa vidole vinane. Funga, tikisa, fungua kidogo upumue mvuke, funga tena, uiweke kiasi cha dakika kumi. Petroli isiyo na ethanoli hukaa juu, na maji hubaki penye alama yake. Ikiwa maji yameonekana kupanda juu ya alama, hayakuongezeka maji, ila ethanoli imeshuka ikajiunga nayo. Yakipanda karibu unene wa kidole, hiyo ni kiasi cha sehemu kumi katika mia. Fanyeni hivyo nje, mbali na moto na sigara, wala petroli ile msiirudishe katika tangi.

Kipimo hicho hakionyeshi mafuta ya taa. Mafuta ya taa ndani ya petroli ni ugonjwa tuliouzoea, na mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi wachanganyaji wasipate faida. Kwa hilo chukueni karatasi nyeupe, mtie tone la petroli. Safi hukauka ikaondoka. Yenye mafuta ya taa huacha doa.

Watu huuliza, Je, hakuna petroli isiyolala? Ipo. Sweden, nchi ya misitu, tangu mwaka 1988 huuzwa petroli ya pekee kwa misumeno ya wakata miti. Haina ethanoli, na husafishwa kwa njia ambayo huifanya iwe ya aina karibu moja tu ya vitu, visivyogeuka upesi kuwa gundi. Ikiwa katika chombo chake kilichofungwa hukaa miaka mitatu na zaidi. Huuzwa hata ikiwa imekwisha kutiwa oili, kwa kipimo cha hamsini kwa moja.

Lakini sikilizeni sababu iliyowafanya watu wa Sweden waitafute. Haikuwa kabureta. Ilikuwa vifua na vichwa vya wakata miti. Injini ya mipigo miwili haichomi mafuta yake yote; sehemu kubwa, kama robo na pengine zaidi, hutoka mbichi pamoja na moshi. Moshi huo humfikia mtu aliyeishika mashine, naye hana pa kuukimbilia. Petroli ya kawaida ina benzini ndani yake, na benzini yajulikana kwa hakika kuwa huleta saratani ya damu. Petroli ile ya pekee ina benzini chini ya sehemu moja katika elfu. Hivyo mtu anayeivaa mashine kutwa nzima, siku sita za juma, ana haja nayo kuliko mashine yenyewe. Sisi twaona jambo hili ndilo kubwa kuliko yote tuliyoyasema, ingawa tajiri husikia upesi zaidi ukimtajia kabureta.

Bei yake ni ghali. Huko Ulaya huzidi mara mbili bei ya petroli ya pampu, na kuiagiza huku huongeza gharama. Hatutaki kuwadanganya kwamba kesho kila genge litapewa. Shauri letu ni hivi. Mashine inayokwenda kulala stoo, imwagwe petroli yote ya kawaida, itiwe kidogo ya ile isiyolala, iwashwe dakika chache mpaka ipite ndani ya kabureta. Nusu lita yatosha mashine kadhaa. Ikiwa haipatikani, mwageni tangi, kisha mwashe mashine mpaka izime yenyewe kwa njaa. Na pale fedha ipo, aanze kupewa yule aliye na mashine kutwa. Angalieni jambo moja: mashine ya zamani iliyozoea petroli ya kawaida, mipira yake huweza kusinyaa ukiibadilishia, ikavuja. Mrija na kiwambo vibadilishwe kwanza, si vitu vya bei kubwa.

Kwa kazi ya kila siku, petroli ya pampu hufaa ikiwa mbichi. Nunueni kwenye stesheni inayouza sana, kwa maana tangi lake halilali. Nunueni ya juma moja, si ya mwezi. Mashine ya kufyekea hunywa kiasi cha nusu lita mpaka lita moja kwa saa, basi hesabu si ngumu. Kipimo cha oili kikiwa hamsini kwa moja, lita tano za petroli hutiwa mililita mia moja. Kikiwa ishirini na tano kwa moja, mia mbili. Someni kitabu cha mashine, wala msitie oili ya lori kwa kuwa ipo karibu. Jerikeni ijazwe, ifungwe, iwekwe kivulini, iandikwe tarehe. Wako wanaosema petroli ya ndege ni bora kwa kuwa haina ethanoli. Ile iliyo ya kawaida kwa ndege ndogo ina madini ya risasi, ambayo nchi zetu ziliyaondoa katika petroli ya magari kufikia mwaka 2006 kwa sababu ya sumu yake. Msiivute hiyo puani mwenu.

Turudi kwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika, lakini uharibifu uwe umetokana na kosa alilolifanya mfanya kazi kwa kusudi. Kwa kusudi, ndugu zetu. Mtu aliyepewa mashine yenye petroli ya mwaka jana hakuiua kwa kusudi. Ila mbele ya meneja, au mbele ya mahakama, maneno matupu hayana nguvu. Atakayesimama ni yule mwenye maandishi.

Kwa hiyo twaleta haya matatu mbele ya mkutano. Kila jerikeni itokayo stoo iwe na tarehe ya kununuliwa na jina la aliyeitoa. Mfanya kazi awe na haki ya kuipima petroli kwa chupa na karatasi kabla ya kuipokea, na kuikataa bila kuandikwa mkaidi. Tena kuwe na kitabu cha mashine, kinachotiwa sahihi na pande mbili kila inapotoka na kila inaporudi, kikionyesha tangi lilikuwa na nini. Habari ya petroli isiyo na benzini kwa watu wa misumeno, tumeomba iingizwe katika mazungumzo ya afya kazini, pamoja na miwani na vizuizi vya masikio ambavyo bado twavidai.

Katibu ana mfano wa kitabu hicho, kurasa nne tu. Nyapara wa kila genge achukue mmoja kabla hajaondoka, na chupa mbili za kioo zipo chini ya meza kwa wale watakaotaka kuona kipimo kikifanywa nje sasa hivi.