Gavana, Simu na Butura
(Maneno ya kamati tendaji katika harambee ya mwaka)



Kila mwaka kamati huombwa iseme neno kabla ya bahasha kuzunguka. Safari hii tumechagua kumzungumzia mchumi wa Benki Kuu, marehemu Profesa Benno Ndulu. Hakuwa mtu wa kwetu. Lakini kazi yake imefika Nkwenda, Isingiro na Nyaishozi kuliko kazi za baadhi yetu tulio humu ukumbini.

Ndulu alipata udaktari wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akafundisha Mlimani, kisha akaongoza AERC ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988 ili Waafrika wachunguze uchumi wao wenyewe. Swali lake la miaka mingi lilikuwa kwa nini nchi za Afrika zilikua polepole tangu mwaka 1960. Utafiti huo, alioufanya na wenzake, ulitoka kitabu mwaka 2008. Mwaka huohuo alikabidhiwa Benki Kuu, nchi nzima ikizungumza habari za EPA. Alikaa miaka 10. Alifariki Februari 2021.

M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 hapakuwa na sheria ya fedha za simu. Benki Kuu ingeweza kusema, subirini sheria. Badala yake iliruhusu kampuni za simu zifanye kazi pamoja na mabenki, kwa sharti kwamba fedha za wateja zikae benki katika akaunti ya amana. Sheria ya Mifumo ya Malipo ilikuja mwaka 2015. Utafiti wa FinScope ulionyesha kwamba mwaka 2009 watu wazima waliotumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 16; mwaka 2017 walikuwa asilimia 65.

Sisi hatuhitaji kusomewa takwimu hizo. Tunakumbuka tulivyompa kondakta wa basi bahasha ya mama, tukaomba Mungu. Siku hizi mama anapokea akiwa shambani.

Sasa tuseme la kwetu. Simu imeleta fedha tunazotuma, lakini butura iko palepale. Januari inapofika kahawa haijaiva, na mtoto anadaiwa sare, godoro na nauli ya kwenda shule. Mzee anauza kahawa ikingali juu ya mti, kwa bei anayopanga mnunuzi. Serikali imekataza mara nyingi, na KDCU na vyama vyake vya msingi wameona kahawa ya wanachama ikipita pembeni. Na mnunuzi wa butura naye, tusijidanganye, analipa kwa simu. Ni haraka na hakuna anayeona.

Mzee huyo si mjinga. Anajua bei ya msimu. Kilichomkosesha ni mtu wa kumkopesha miezi michache kwa riba inayobebeka. Kumpiga marufuku bila kumpa mkopo ni kumwambia mtoto abaki nyumbani.

Kwa hiyo makusanyo ya mwaka huu yanakwenda kwenye mfuko wa mikopo ya kabla ya mavuno. Hatutagawa fedha mkononi. Zitapitia vikundi vya kuweka na kukopa vilivyosajiliwa halmashauri, kwa utaratibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo iliviweka chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Mkopaji atarejesha baada ya kuuza kahawa kwenye chama chake cha msingi. Wapo watakaoshindwa, hasa mwaka wa ukame, na tumekubaliana kwamba hatutachukua shamba la mtu.

Tunaanza na vijiji vichache vya kila wilaya. Idadi yake itategemea ahadi za leo. Bahasha ziko mezani. Mweka hazina yuko karibu na mlango, na risiti anaandika papo hapo.