Redio Ndogo ya Zawadi: Tazama Kabla ya Kulipa

Msikilizaji wetu, kuanzia Mkoani hadi Konde hapa Pemba, leo tuzungumzie zawadi ya redio ndogo ya muziki, ile ya kutia kadi au flashi.

Una jamaa yako Muscat au Dubai anayekuja likizo? Mwagize. Kule plagi ni ya miguu mitatu bapa kama yetu, na volti hazipishani sana. Lakini Marekani ni volti 120. Chaja ya huko isiyoandikwa 100–240V huenda ikaungua ukiichomeka hapa.

Redio kuukuu ya Japani itazame namba zake. Nyingi FM yake huanzia 76 na kuishia 90, ilhali yetu hufika 108. Stesheni nyingi hutazipata.

Ikiwa ni ya bibi, chagua yenye vitufe vikubwa na betri inayobadilishika. Dukani, tia kadi yako mwenyewe, ongeza sauti mpaka mwisho, ikikwaruza, iache. Dai risiti.

Nyumbani, mjazie kwanza kisomo cha Kurani na taarabu azipendazo, kisha mwoneshe kitufe cha kuwashia. Asipofundishwa, itabaki kabatini.