Mtu Aliyechimba Chini



Ndugu mmoja mwenye duka aliniita nikakibariki kiwanja chake. Alitaka kujenga jengo la biashara, orofa tatu, kwa fedha za mkopo. Nikamwuliza, "Ndugu, udongo umepimwa?" Akajibu, "Mchungaji, mawe ya msingi yamekwisha fika."

Udongo wenyewe ulikuwa ule mweusi tuujuao sana Nairobi. Mvua ikinyesha huvimba ukainua sakafu. Kiangazi kikija hunywea na kupasuka. Tena maji ya chini hayakai mahali pamoja: shimo lililo kavu Februari laweza kujaa mwezi wa Mei.

Wala kosa hili si la wenye maduka tu. Kule Winchester, Uingereza, upande wa mashariki wa kanisa kuu ulijengwa katika karne ya 13 juu ya magogo, katika udongo tepetepe wenye maji. Kuta zikainama. Tangu 1906 hata 1911 mzamiaji William Walker alifanya kazi chini ya kuta zile, majini, gizani, akiweka mifuko ya saruji kwa kupapasa.

Katika Luka sura ya 6 Bwana wetu ataja mtu aliyechimba sana kabla ya kujenga. Nadhani majirani walimcheka: wao wamefika madirishani, yeye angali shimoni!

Ndugu yangu alikasirika kidogo. Lakini Jumatatu alileta vijana wenye majembe, na kwa futi 7 wakakuta maji. Hatukubariki jiwe siku ile. Tulisimama ukingoni mwa shimo, tukamshukuru Mungu.