Fluti ya Bei Nafuu: Tuinunue au Tungoje?

Hotuba ya Katibu wa Kwaya

 

Nimeombwa niseme machache kuhusu jambo ambalo kwaya itapigia kura baada ya jubilii hii. Tumeletewa fluti ya mtumba kwa shilingi 8,000. Wengine wanasema tuichukue haraka kabla haijapata mnunuzi mwingine. Wengine wanakumbusha kwamba rahisi ni ghali. Pande zote mbili zina hoja.

Kwa wale ambao hawajaiona, fluti ni filimbi ya chuma inayopigwa ikiwa imelazwa ubavuni. Kupuliza namna hiyo si kugeni kwetu: Wadigo kule Pwani wana chivoti, ambayo pia hulazwa. Tofauti ni kwamba matundu ya fluti hufunikwa kwa vifuniko vya chuma badala ya vidole. Mpango huo ulitengenezwa na Mjerumani Theobald Boehm, na fluti za leo bado zinafuata ile aliyoitoa mwaka 1847.

Chini ya kila kifuniko kuna pedi laini, na hapo ndipo penye shida ya fluti kuukuu. Pedi hukauka, hupasuka, au huharibiwa na unyevu wa pumzi. Isipoziba vizuri, hewa huvuja. Ni kama bomba la maji lililotoboka karibu na tangi: nyumba zote za chini zinakosa maji. Pedi moja ya juu ikivuja, sauti zote za chini hukwama. Nje fluti inaweza kung'aa kama kikombe cha ushindi, kumbe ndani imechoka.

Waimbaji wenzangu, tuna binti yetu wa sauti ya pili anayeisubiri fluti hii. Filimbi ya plastiki ya shuleni ameshaimudu. Mimi ni mwalimu, na najua mtoto anayeanza hafikirii kwamba chombo ni kibovu. Sauti ikikataa kutoka, hujilaumu mwenyewe. Atapuliza kwa nguvu hadi kichwa kizunguke, na baada ya miezi michache atasema hana kipaji. Shilingi 8,000 tunaweza kuzichanga tena. Moyo wa mtoto ukivunjika, kuuinua ni kazi kubwa zaidi.

Sisemi kitu kilichotumika ni kibaya. Kinanda chetu tulikinunua mkononi mwa mtu, na leo kimetuongoza tangu asubuhi. Fluti kuukuu iliyotunzwa yaweza kuwa bora kuliko mpya ya ovyo. Ninachoomba ni tuikague kwanza, hivi:

1. Vipande vyake vitatu viunganishwe. Viingiane bila kulazimishwa na bila kulegea.

2. Kila kifuniko kibonyezwe na kuachiliwa. Kirudi upesi mahali pake. Kikizembea, huenda springi imechoka au chuma kimepinda.

3. Kipande cha karatasi nyembamba kiwekwe chini ya pedi, kifuniko kifungwe taratibu, kisha karatasi ivutwe. Ishikwe kidogo pande zote. Ikiteleza upande mmoja, pedi hiyo inavuja.

4. Ufito wa kusafishia, ambao huwa na alama karibu na ncha, uingizwe katika kipande cha kichwa. Alama ionekane katikati ya tundu la kupulizia. Isipoonekana hapo, kizibo cha ndani kimesogea, na fluti haitapatana na kinanda.

5. Ipigwe na mtu anayeijua, polepole, kutoka sauti za juu hadi ya chini kabisa. Zile za chini zikitoka kwa upole bila kulazimishwa, hiyo ni dalili njema.

Baada ya hapo fundi atuandikie gharama ya matengenezo kabla hatujatoa hata shilingi moja. Bei ya kweli ni ya muuzaji, ya fundi na ya mwalimu wa kumfundisha binti yetu, zikijumlishwa pamoja. Kubadilisha pedi zote kwaweza kupita bei tuliyoambiwa. Jumla ikitushinda, tuseme hapana bila aibu. Na muuzaji akikataa fluti ikaguliwe, atakuwa ameshatujibu.

Nasema haya kwa sababu mimi ndiye ninayeandika risiti za michango. Ninajua ni nani hutoa shilingi 20 kila Jumamosi baada ya kufunga kibanda cha mboga, na ni nani hutoa kabla ya kurudi stejini kwa pikipiki yake. Pesa hizo zina jasho.

Tukiinunua, iandikwe kuwa mali ya kwaya, na wajifunze wawili, ili mmoja akienda chuo au akiolewa fluti isibaki kabatini.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: tukague, tujumlishe, ndipo tupige kura. Na binti yetu aambiwe ukweli wote mapema, kwamba tunachelewa kwa sababu tunataka apate chombo kitakachomjibu akikipuliza.

Hongereni kwa jubilii.