Kaggia na Habari ya Ardhi

Leo tusome habari za Bildad Kaggia, mtu ambaye hakukaa mahali watu walipomtarajia.

Kaggia alikuwa Mkikuyu wa Murang'a. Mwaka 1953 alihukumiwa huko Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, kifungo cha miaka 7. Uhuru ulipokuja, mwaka 1963, alikuwa mbunge wa KANU, kisha msaidizi wa Waziri wa Elimu. Basi ungedhani atasema kama wenzake wa serikalini. La! Serikali iliwauzia wananchi mashamba ya walowezi kwa mkopo. Kaggia alisema wasio na ardhi wapewe bure. Mtu hununuaje kilichokuwa chake? Mwaka 1964 akaondoka katika cheo hicho.

Mwaka 1966 Oginga Odinga, Mjaluo, aliacha kiti cha Makamu wa Rais, akaongoza chama kipya, KPU. Wengi walikiita chama cha Wajaluo. Kaggia akaingia, akawa naibu wake. Mwaka huo huo akashindwa katika uchaguzi wa Kandara, kwao. Mwaka 1969 alirudi KANU.

Wako wanaomwita kigeugeu. Mimi sikubali. Neno alilolisema juu ya ardhi akiwa KPU lilikuwa lile lile alilolisema akiwa KANU.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: ardhi, mkopo, chama. Halafu kila mtu aandike jambo moja linalosemwa na watu wa kwao ambalo yeye halikubali. Mwalimu, karatasi hizo usizikusanye.