Naomi Alirudi Mikono Mitupu

*Maneno ya mama mmoja mjane, mwanachama wetu, kwenye mkutano wa wanachama, Moba-Port*



Wameniomba niseme namna mateso yalivyokomaza imani yangu. Niseme ukweli kwanza: Mungu hakuniletea vita ili nikomae. Vita ililetwa na watu. Lakini ndani ya vita ile Mungu hakuniacha, na hiyo ndiyo nitasema.

Tulikimbia mwaka 1999 kwa mtumbwi, usiku, tukafuata kando ya ziwa mpaka Zambia. Tukawekwa kambi ya Mwange, upande wa Mporokoso. Pale nilizika mume wangu, na mtoto wetu wa mwisho. Mwaka 2007 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli toka Mpulungu mpaka hapa Moba. Mimi nilirudi 2009, na watoto watatu, sufuria, na jembe.

Nikakuta jirani analima shamba letu. Miembe ya mume wangu imekatwa kuni. Tangu siku ile sikumsalimia yule mama. Tulisali kanisa moja, tulikula meza moja ya Bwana, na moyoni nilikuwa ninamuombea mabaya. Nilidhani mateso yamenipa haki hiyo. Bandugu, mateso peke yake hayatakasi mtu. Mimi yalinifanya mukali.

Halafu yule jirani akafiwa na kijana wake. Nilienda kilio kwa kuogopa maneno ya watu tu. Nikakaa kwenye mkeka karibu naye. Usiku akaniambia: “Ninyi mulikimbia, sisi tulibaki. Tulikula mizizi ya pori. Nilizika wawili pasipo sanduku. Shamba lako nililima kwa njaa.” Nilikuwa sijawahi kumuuliza. Miaka miwili nilikuwa ninajua shida yangu tu.

Kisha kilio tulienda wote wawili kwa sultani wa kijiji. Alimuachia avune mihogo iliyokuwa udongoni, kisha shamba likanirudia. Mimi nikamuachia kipande cha upande wa mto. Hakuna aliyenilazimisha. Siku ile nililala vizuri, mara ya kwanza tangu Mwange.

Munajua habari ya Naomi. Aliondoka Betlehemu na mume na wana wawili, akarudi amefiwa wote. Aliwaambia wanawake wa mji wamuite Mara, ndiyo uchungu. Mungu hakumkemea kwa kusema hivyo. Basi na wewe unayelia, usifiche kilio chako eti ni kukosa imani. Lakini angalieni chakula cha Naomi kilitoka wapi: Ruthu, mgeni, aliokota masuke shambani mwa Boazi, kwa sababu sheria ya Mungu iliagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, aachie maskini na mgeni.

Ndiyo maana ninaleta neno hili leo. Wako watu wengine waliokimbia ugomvi wa Watwa na Waluba. Wengine walifika mpaka Kenani, Zambia, mwaka 2017, wakarudi. Ninasikia wengine kati yetu wanasema: “Hawa si wa chama chetu, hawakulipa mchango.” Na sisi tuliposhuka melini, tulikuwa tumelipa nini?

Ninaomba kila mwanachama mwenye shamba atoe furushi moja la miti ya mihogo ya kupanda. Wafadhili wetu, mukiweza, tuongezeeni majembe. Na tusiwagawie Watwa siku moja na Waluba siku ingine. Wapange mustari mumoja.

Mimi nitatoa mafurushi mawili. La pili ni la yule jirani. Alinituma niseme hivyo.