Mzee na Matuta Kumi na Manne



Katika vilima vya Machakos yuko mzee mmoja aliyekaribia miaka tisini. Kila asubuhi, umande ungali haujakauka, hutembea na fimbo yake shambani akihesabu. Hahesabu mahindi wala mbaazi. Huhesabu matuta yenyewe, nayo ni kumi na manne. Hivi karibuni mwanawe wa kwanza, afanyaye kazi Nairobi, alimletea habari kwamba yuko mtu atakaye kununua matuta matano ya chini, yaliyo karibu na barabara, ili ayasawazishe na kujenga nyumba za kupangisha. Bei iliyotajwa yapita fedha zote alizopata kuzishika mzee huyo maishani mwake. Tangu siku ile usingizi wake umekuwa haba, na mazungumzo yake yote hurudi nyuma.

Hurudi kwanza kwa baba yake. Mwaka wa 1938 Serikali ya kikoloni iliona ya kuwa ardhi ya Ukambani imeharibika, udongo umechukuliwa na maji na vilima vimebaki vyekundu kama kidonda. Ikakata shauri kwamba kosa ni la ng'ombe, kwa kuwa ni wengi mno. Basi ng'ombe wakakamatwa kwa nguvu na kuuzwa mnadani kwa bei hafifu. Lililosahauliwa ni kwamba Wakamba walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka ya rizavu, na malisho mengi waliyoyazoea yalikuwa yamekwisha kupewa walowezi. Watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakataka kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini mpango wa kuwanyang'anya watu ng'ombe wao uliachwa. Leo jina lake li katika barabara moja ya katikati ya Nairobi.

Baba yake mzee alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Nyumbani hakupenda kusimulia habari za wakubwa. Alichosimulia ni jinsi mkewe alivyotembea na unga kichwani na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto huyo ndiye mzee wa habari hii.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka wa 1945 ikaja amri nyingine: watu wote watoke wakachimbe mitaro ya kuzuia maji, na machifu wasimamie. Mzee akumbuka mama yake akirudi jioni viganja vimechubuka, akiulaani mtaro ule. Kazi ilifanywa kwa chuki, na kazi ya chuki haikudumu. Mvua mbili tatu zikaibomoa. Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Watu waliachiwa kufanya kazi kwa mwethya, yaani ujima wa Kikamba, wakachagua viongozi wao wenyewe, wengi wao wanawake, na kuimba huku majembe yakipanda na kushuka. Wakachagua pia namna ya kuchimba: udongo utokao mtaroni watupwa upande wa juu, ukawa ukingo, na mwaka baada ya mwaka shamba hujisawazisha lenyewe kama ngazi. Njia hiyo huitwa fanya juu, na kwa jina hilohilo la Kiswahili imeandikwa katika vitabu vya wataalamu wa nchi za mbali. Mzee hucheka asikiapo hayo. Mama yake, asema, hakujua kama alikuwa mtaalamu.

Matuta yake mwenyewe aliyachimba pamoja na marehemu mkewe katika miaka ya 1970. La tatu kutoka chini mkewe alilimaliza akiwa mja mzito, na mimba ile ndiye mwana huyu anayeleta habari za mnunuzi. Kisha ikaja njaa ya mwaka wa 1984, ambayo Wakamba waliiita Nikwa ngwete, maana yake, nakufa huku nimeshika. Watu walikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakikuwako. Mzee alikuwa na shilingi chache na mbaazi kidogo zilizoponea kwenye matuta ya chini, ambako unyevu hukawia. Watoto wake walikula mbaazi.

Juu ya siasa hana maneno mengi. Mwaka wa 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, mtu aliweza kuwa na kura moja, mbili, au hata tatu, kwa kadiri ya elimu yake, mali yake na utumishi wake. Baba yake hakuwa na hata moja. Mwaka wa 2013, zilipoanza serikali za kaunti, mzee alipewa karatasi sita kwa mara moja, akakawia kituoni hata karani akamjia kumwuliza kama anaumwa. Barabara ya lami aliiomba miaka mingi, nayo imekuja. Asema hakujua ya kuwa mnunuzi naye angepitia humo.

Liko neno jingine, nalo ndilo lizito. Matuta yale hulimwa na binti yake. Sheria ya urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haimbagui binti, na Katiba ya mwaka wa 2010 imelitia nguvu jambo hilo. Tena shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi ya mahali. Hata hivyo mwana alizungumza na nduguze wa kiume tu.

Mzee hakugombana naye. Alimwambia, "Mwanangu, tuta la tatu limebomoka. Njoo Jumamosi ulitengeneze, ndipo tuzungumze, na dada yako awepo."

Alikuja, amevaa viatu vya mjini. Dada yake alimpa jembe pasipo kusema neno, naye akachimba hadi adhuhuri, akitupa udongo upande wa juu. Walipokaa kula, mzee aliwaonyesha hati ya shamba, akaikunja, akairudisha sandukuni. Ufunguo alimpa binti yake auweke. Juu ya bei hakuna aliyeuliza siku ile, na mwana amesema atarudi kumalizia ukingo kabla ya mvua za vuli.